Tabaka la Nne

Tk.

Mlio mmoja tu, mkavu, kama kijiti cha kiberiti kinachovunjwa kwa vidole viwili. Mama Kidoti aliusikia akiwa kitandani, usiku, akautambua papo hapo. Ulikuwa mlio wa kipanya cha kompyuta yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kazi ya kuhariri picha. Mlio ule angeutambua hata katikati ya soko. Akapapasa ubavuni. Mwanawe yupo, amelala chali, mdomo wazi. Akatega sikio ukutani. Mama yake mzazi yupo, anakoroma chumba cha pili. Na usiku ule nyumba haikuwa na mtu wa nne.

Alisubiri mlio wa pili. Haukuja. Usingizi ni mwizi, ukamchukua.

Asubuhi ikawa asubuhi kama nyingine. Chai ilichemka ikamwagikia jiko. Bibi alilalamika kwamba kopo la sukari limewekwa juu kama kwamba yeye ni twiga. Kidoti, binti wa miaka saba mwenye doa dogo jeusi chini ya jicho lililompa jina hilo, aliitafuta soksi ya pili nyumba nzima, na soksi yenyewe alikuwa ameivaa. Mama yake alikaa kidogo mbele ya kompyuta sebuleni kumalizia picha ya harusi aliyoileta nyumbani. Jana aliiacha na matabaka matatu ya ukungu. Akayahesabu.

Manne.

"Uchovu huu," akajiambia. Akaihifadhi picha, akaibeba kazini.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, hivyo kila bibi harusi aliyepanda ngazi zile alifika juu ananukia mpira. Kaka yake, mwenye studio, alikaa mbele na kamera na maneno matamu. Yeye alikaa nyuma ya pazia jeusi na mashine. Wateja hawakumjua kwa sura, walimjua kwa hali ya hewa. "Niwekee ukungu." "Niwekee mvua, lakini nisilowe." "Mwanangu kahitimu saa saba mchana, jua linamwakia kama lina kisa naye. Nifanyie iwe alfajiri."

Naye aliwafanyia. Tabaka la kwanza la ukungu alilipaka nyuma ya watu, ili miti irudi mbali. La pili usawa wa magoti, ili watu waonekane wanaelea. La tatu jembamba mno, mbele ya kila kitu, ili anayeitazama picha ahisi anauvuta ukungu puani. Mafundi wengine walichota ukungu wao mtandaoni, ukungu wa wote, kama maji ya bomba la mtaani. Yeye wa kwake aliutengeneza mwenyewe, zamani, akauhifadhi kama brashi, na tangu hapo hakupaka mwingine.

Watu walisema ukungu wake una baridi. Walidhani wanausifu.

Siku nne baadaye shangazi wa bibi harusi alipanda ngazi kwa kishindo, akaibwaga picha juu ya kaunta, fremu na kioo chake.

"Nani huyu?"

"Nani yupi, Shangazi?" Kaka akauliza kwa tabasamu la biashara.

"Usiniite shangazi, baba yako simjui! Huyu. Huyu hapa!"

Mama Kidoti alichungulia pembeni mwa pazia. Kidole cha yule mama kilikuwa kwenye ukungu, kati ya bega la bwana harusi na nguzo. Ndani ya ukungu alisimama msichana, mgongo kwao. Amevaa sweta la kijani, pana, la kiume. Mikono ya sweta ilikuwa mirefu hata imevimeza viganja.

"Wageni mia tatu, jua la kukaanga mayai, nani alikuja na sweta?" shangazi akafoka. "Bibi harusi hali chakula. Anasema kila akiitazama, huyu mtu amesogea. Mmetutilia nini kwenye picha, nyinyi?"

"Ni kosa la mashine, mama. Tutarekebisha."

"Mashine haina wivu. Watu ndio wenye wivu." Akateremka ngazi. Chini wakamsikia akimwambia mlinzi wa duka la matairi asije akathubutu kupiga picha pale hata ya kitambulisho.

Kaka alilifunga pazia nyuma yake. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Umefanya makusudi?"

"Sikumweka mimi."

"Basi mtoe. Na nyumbani ufunge bakuli lako."

"Kaka, umemtambua."

"Sijamtambua mtu. Hana uso."

Lakini jasho lilikuwa likimtoka kwenye mdomo wa juu. Sweta lile lilikuwa la baba yao.

Katika nyumba yao walizaliwa watatu. Kaka, halafu dada wa kati, halafu yeye. Huyo wa kati kwa miaka kumi na mmoja hakuwa na jina. Aliitwa "yule", na hata "yule" ilitamkwa kwa kuangalia pembeni. Baba alikufa ghafla, alfajiri, na jioni yake alikuwa amegombana na yule. Matanga hayajaanuliwa, mama akasimama mbele ya watu akamnyooshea kidole: huyu ndiye aliyemla. Mchawi mkubwa, kamroga baba yake mzazi. Wakamtoa nje na nguo alizovaa, na juu ya nguo hizo sweta la marehemu, kwani asubuhi ile kulikuwa na ukungu.

Asubuhi tatu alirudi kubisha hodi. Asubuhi tatu hakufunguliwa. Mama akaenda kwa mganga, akarudi na maneno machache: asiye na sura wala jina haioni njia ya kurudi mlangoni. Jina, mama akalipiga marufuku. Sura, akamwachia kitindamimba wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye kozi ya kompyuta. Picha ya familia ilikuwa moja tu.

"Mtoe," mama alisema, amesimama nyuma ya kiti.

Kumkata hakuweza. Akafanya alichofikiri ni huruma: akazichukua rangi za uso wa dada yake, akazivuruga. Nyusi, midomo, weupe wa jicho. Akazivuruga, akazivuruga, mpaka zikawa moshi, na moshi ukawa ukungu, na ukungu ukamfunika mwenyewe. Ulipendeza. Ndiyo aibu yake kubwa, kwamba ulipendeza. Akauhifadhi kama brashi.

Hodi zikakoma siku ileile. Yule hakuonekana tena na mtu.

Sasa, nyuma ya pazia jeusi, Mama Kidoti alifungua mafaili ya miaka yote, moja baada ya jingine. Mahafali. Uchumba. Mtoto anazima mishumaa. Akakuza kila picha mpaka ikawa vigae vya rangi. Katika zile za zamani kulikuwa na kivuli tu, mbali, ambacho ungedhani ni mti. Katika za mwaka juzi mti ule una mabega. Katika za mwaka jana una sweta. Katika picha aliyoimaliza jana jioni, msichana alikuwa ameanza kugeuka.

Hakuna aliyemweka. Alikuwa kwenye brashi yenyewe. Miaka kumi na mmoja alikuwa akimpaka dada yake juu ya harusi za watu.

Aliifuta brashi. Akahakikisha imefutika. Akaosha mikono kwa sabuni, mara mbili, kama kwamba ukungu unakaa kwenye kucha.

Juma lililofuata Kidoti alirudi shuleni na kitambulisho kipya shingoni. Picha ilipigwa na mpiga picha wa shule, si na wao. Mama yake alikigeuza kwenye mwanga. Sare ya shule ilionekana safi, kola safi. Juu ya kola, mahali pa uso, ukungu.

"Mama, mwalimu hakuniita leo," Kidoti alisema, akivua viatu.

"Hakukuita vipi?"

"Kwenye majina. Aliniruka. Nikasema mimi nipo, hakugeuka." Akavuta pumzi. "Halafu rafiki yangu akaja akanikalia."

"Mlikuwa mnacheza."

"Hapana. Alikuja kukaa kwenye kiti changu. Akakaa. Juu yangu. Akafungua daftari."

Mama Kidoti alimkumbatia. Mwili ulikuwa na joto, nywele zina vumbi la uwanjani. Mtoto yupo. Akampigia simu mumewe, dereva wa malori ambaye mwezi huo alikuwa safarini.

"Baba Kidoti, mtoto haendelei vizuri."

Injini ikinguruma. Kisha kicheko.

"Mtoto! Usiniambie una mimba, mke wangu! Sasa nirudi lini?"

Simu ilimponyoka.

Asubuhi yake alimshika Kidoti mkono wakapita mbele ya duka la matairi. Mlinzi wa pale alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila siku ya Mungu: "Mama Kidoti, leo utanyesha au utawaka?" Siku hiyo alimtazama kama anayemtazama mpita njia.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Ni mimi. Mama Kidoti."

"Kidoti ndiyo nani?"

Na Kidoti amesimama mbele yake, anamtazama, ameshika ukingo wa tairi.

Juu, kaka naye alimwita "bibie". Hakumtazama mtoto. Alipoambiwa amsalimie mpwa wake aliinua macho polepole, akayazungusha chumba kizima, akarudi kwenye kamera yake. "Umeanza na wewe," alisema. "Hujawahi kuzaa, unanitania asubuhi yote hii?"

"Kaka, niambie kitu kimoja. Dada aliitwa nani?"

Alitarajia matusi. Kaka akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Uso ukasawijika kwa hofu, kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta hakuna mfuko.

"Sikumbuki," akanong'ona. "Walahi sikumbuki."

Mama Kidoti naye akalitafuta jina la dada yake kichwani. Jina alilolilia utotoni alipoanguka, jina alilolipigia kelele uani. Halikuwepo. Palikuwa na ukungu tu.

Akaelewa. Sura na jina ndivyo vilivyoufunga mlango. Sura aliivuruga mwenyewe, hairudi. Faili lilihifadhiwa juu ya lile la zamani, na picha ya karatasi mama aliichoma. Limebaki jina. Na aliyelishika ni mtu mmoja tu, mama yao. Tena ilibidi aharakishe, kwa sababu yule aliyefungiwa nje alikuwa amechoka kusimama. Alikuwa anatafuta uso wa kuingilia, na uso uliofanana na wake ulikuwa mmoja tu duniani. Toka Kidoti azaliwe kila mtu aliona kafanana na nani. Hakuna aliyethubutu kusema.

Wakiwa ngazini alitaka kumwambia mwanawe aangalie anapokanyaga. Akafungua kinywa amwite. Kwa pumzi moja nzima, hakujua anamwita nani.

Alimbeba mgongoni, akakimbia.

Bibi alikuwa sebuleni, anashona kifungo cha gauni. Jua la saa tatu lilikuwa limejaa dirishani. Mama Kidoti alimkalisha mtoto kwenye kiti karibu na mlango, akamshika mabega. "Usiondoke hapo. Usifumbe macho." Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama. Aliitwa nani?"

Sindano ikasimama. "Nani?"

"Mwanao."

"Wanangu wawili. Mmoja yuko kazini, mwingine amesimama hapa amekosa adabu."

"Na huyu je?" Akamwonyesha kiti.

Bibi alitazama. Akakunja pua. "Nimekwambia mara ngapi usirundike nguo chafu kwenye kiti cha wageni?"

Kidoti alianza kulia. Machozi yalionekana. Sauti haikusikika.

Mama Kidoti aliwasha kompyuta. Vidole havikumtii, akakosea neno la siri, akakosea tena. Akaifungua picha ya familia. Baba, mama, kaka, yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, na ukungu. Lakini ukungu ulikuwa umefunguka katikati kama pazia. Msichana wa sweta alikuwa amegeuka kabisa. Uso wake ulikuwa laini, mtupu, kama unga uliokandwa. Na ameshika mkono wa mtoto mwenye doa chini ya jicho.

Picha ile ilipigwa miaka mitano kabla Kidoti hajazaliwa.

"Zima," bibi alisema.

"Tazama."

"Zima nimesema! Nitakulaani!"

"Nilaani. Lakini tazama kwanza."

Bibi alisogea. Alipomwona mtoto wa kwenye picha, akakiinamia kioo. "Huyu mtoto," akasema taratibu, "huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni mjukuu wako. Unamsuka kila Jumapili. Jana alikutungia uzi kwenye sindano. Mama, sema jina. Sema, atuachie mtoto."

"Siwezi."

"Umelisahau?"

"Nilisahau lini?" Ghafla ulikuwa ukali uleule wa matangani, lakini umepasuka. "Nalitafuna kila usiku! Nikilitaja nimekiri. Unajua nimekiri nini? Baba yako alikufa kwa moyo. Daktari alinieleza. Siku ya pili ya msiba, mchana, alinieleza. Siku ya pili! Na asubuhi ya tatu yule akaja tena akabisha hodi. Nikajua hana kosa. Nami nilishamwita mchawi mbele ya watu wote. Ningeiweka wapi sura yangu?"

Jua lilikuwa palepale. Kioo cha kompyuta kikaanza kufifia.

Mama Kidoti alikipangusa kwa kanga. Hakikupanguka. Akapangusa tena, kwa nguvu. Kioo kilikuwa kikavu. Ukungu ulikuwa upande wa ndani. Halafu, polepole, mtu akaupangusa kutoka kule. Mstari mmoja. Upana wa kidole.

Tk.

Kipanya kilikuwa mezani. Hakuna aliyekigusa.

Aligeuka kumtazama mwanawe. Kidoti alikuwa ameacha kulia. Amekaa wima. Miguu iliyokuwa haifiki chini, vidole vyake sasa viligusa sakafu. Hakumtazama mama yake. Alimtazama bibi.

Akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka:

"Nilikuwa naiona miguu yako, Mama. Chini ya mlango. Asubuhi zote tatu."

Gauni lilianguka. Kifungo kikabingirika mpaka uvunguni. Bibi akapiga hatua moja kuelekea kiti, mikono mbele, kama kipofu anayeanza kuona. Safari hii hakuona nguo chafu.

"Si huyo!" Mama Kidoti alipiga kelele. "Mama, mtazame wa kwenye picha! Mwite wa kwenye picha! Usimwite huyo!"

Bibi hakumsikia. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akaushika ule uso mdogo kwa viganja viwili, akautazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka kumi na mmoja.

"Mashavu," akamwita mwanawe kwa jina.